Inveta ya kilowati 5 na betri moja ya lithiamu: tathmini ya kifurushi kinachouzwa sana Dar

Kifurushi chenyewe ni hiki: inveta ya kilowati 5 (mashine inayogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumbani), betri moja ya lithiamu ya volti 51.2 na Ah 100 (ampia-saa, kipimo cha umeme inaohifadhi), nyaya fupi za betri, breka mbili tatu, na kwa anayeongeza hela, paneli za sola. Kariakoo utakikuta karibu kila duka la vifaa vya sola, kimeandikwa majina tofauti lakini ndani ni kitu kilekile. Muuzaji atakwambia kinabeba nyumba nzima.

Hukumu yetu tunaitoa mapema: inveta nzuri, betri nzuri, ndoa mbaya. Inveta ya ukubwa huo haipaswi kuuzwa na betri moja ya Ah 100, na malalamiko mengi ya watu waliofunga mifumo hii jijini, kwamba inazima ghafla umeme ukikatika, yanatokana na jambo hilo moja kabla ya kufika kwenye suala la vifaa feki au fundi mbovu.

Hesabu yake haina ugumu. Inveta ikitoa wati 5,000, na ufanisi wake ukiwa asilimia 92, inavuta kwenye betri karibu wati 5,430. Gawa kwa volti 51.2, unapata ampia 106. Betri nyingi za Ah 100 zina ukomo wa ampia 100 kwa mfululizo, na mtengenezaji mwenyewe hupendekeza ampia 50 ili betri idumu. Ndani ya betri kuna kidhibiti ambacho mafundi hukiita BMS, na kazi yake ni kukata mkondo ukizidi. Kwa hiyo unapowasha pasi, jagi la kuchemshia maji na friji likaanza kuunguruma kwa wakati mmoja, inveta haijalemewa hata kidogo; BMS ndiyo inayokata, nyumba inakuwa giza, na mwenye nyumba anailaumu inveta. Kwa ampia 50 zinazopendekezwa, betri hiyo inakupa takriban wati 2,300 na si zaidi. Hiyo ndiyo nguvu halisi ya kifurushi, vyovyote kasha litakavyoandikwa.

Pampu ya maji ndiyo adui mkubwa zaidi, na Dar nyumba nyingi zina simtanki na pampu. Pampu ya nguvu farasi moja ikishaanza kuzunguka hutumia kama kilowati 1 na kidogo, ila sekunde ile ya kuwaka huvuta mara nne hadi sita ya hapo. Iache nje ya laini ya betri, ijaze tanki umeme wa TANESCO ukiwepo. Kama lazima iwe ndani, funga betri mbili sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) au weka kifaa cha kuiwasha taratibu.

Suluhisho ni mojawapo ya mawili: nunua inveta ya kilowati 3 na betri hiyo moja, au baki na kilowati 5 na ununue betri mbili. Betri mbili zikifungwa sambamba kila moja inabeba nusu ya mzigo, na hapo ampia 106 zinakuwa 53 kwa kila betri. Zote ziwe za aina moja, toleo moja, na zichajiwe zijae kila moja peke yake kabla ya kuunganishwa. Ukiunganisha iliyojaa na iliyo tupu, ile iliyojaa inaimwagia mwenzake mkondo mkubwa kwa sekunde chache na BMS zote mbili zinaweza kukata. Waya chanya utoke betri ya kwanza na waya hasi utoke betri ya pili, ili njia ya mkondo iwe na urefu sawa kwa kila betri.

Inakaa na umeme saa ngapi?

Betri ya volti 51.2 na Ah 100 ina uniti 5.12, ukikumbuka kwamba uniti ya LUKU ni kilowati moja kwa saa moja. Ukiitumia hadi ibaki asilimia 10, na ukatoa kinachopotea kwenye inveta, unabaki na kama uniti 4.2 zinazofika kwenye soketi. Nyumba ya kawaida yenye friji moja (wastani wa wati 60 hadi 100 ukichanganya muda wa kuwaka na kuzima), feni tatu, taa kumi za LED, televisheni na ruta, hutumia karibu wati 430. Ongeza wati 50 zinazoliwa na inveta yenyewe. Utakaa kama saa nane, yaani usiku mzima wa joto na feni zikiwa zinazunguka, na hilo kwa Dar ya Januari si jambo dogo. Ukiongeza kiyoyozi cha BTU 9,000, andaa saa tatu na kitu.

Hizo wati 50 za inveta zinahitaji kusemwa kwa sauti, maana wauzaji hawazitaji kabisa. Inveta iliyowashwa bila mzigo wowote hula wati 40 hadi 70 kutegemea aina. Wati 50 kwa saa 24 ni uniti 1.2 kwa siku, sawa na uniti 36 kwa mwezi. Mteja wa D1, yule wa nyumba ndogo anayelipa shilingi 100 kwa uniti (122 pamoja na kodi na tozo) mradi asizidishe uniti 75 kwa mwezi, atakuwa ameshapoteza karibu nusu ya nafasi yake kwa mashine iliyokaa tu ukutani. Akivuka 75, uniti zinazozidi ni shilingi 350 kabla ya kodi. Kwa mteja wa T1, yule wa kawaida, anayelipa shilingi 292 kwa bei ya 2016 ya EWURA (mamlaka inayodhibiti bei za nishati), na ambayo kwa VAT ya asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1 inakuwa shilingi 356, uniti 36 ni karibu shilingi 12,800 kila mwezi. Mwenye nyumba ya D1 anayetaka taa, ruta na feni mbili tu, kifurushi hiki hakimfai. Anunue inveta ndogo ya kilowati 1 na betri ya volti 12 au 24, inayokula wati chache.

Kuhusu kuokoa hela kwa kuchaji na LUKU: hakuna. Nyumbani Tanzania bei ya uniti ni ileile mchana na usiku, na kila uniti unayoingiza kwenye betri inarudi ikiwa 0.8 hivi. Uniti ya shilingi 356 ikipitia betri inakuwa ya zaidi ya 430. Betri bila sola inanunua utulivu, na mtu akikwambia itapunguza matumizi yako ya LUKU muulize itapunguzaje.

Inveta: aina mbili zinazochanganywa

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Zipo inveta zenye kusubiri: umeme wa TANESCO ukiwepo zinaupitisha moja kwa moja kwenda kwenye mzigo na kuchaji betri, ukikatika zinageukia betri. Growatt SPF 5000 ES ni ya kundi hili. Halafu zipo zinazoenda sambamba na gridi, yaani laini ya TANESCO, zinazoweza kuchanganya umeme wa sola na wa TANESCO kwa sekunde ileile na hata kurudisha ziada kwenye laini. Deye SUN-5K-SG03LP1 ni mfano. Zote huitwa haibridi dukani, na kwenye picha zinafanana, lakini ni kazi mbili tofauti.

Kwa nyumba yenye betri tu, au yenye paneli chache, kundi la kwanza linatosha na tunalipendekeza kwa sababu lina mambo machache ya kukosea. Kundi la pili ni zuri zaidi pale penye sola kubwa, ila linakuja na hatari ambayo lazima izimwe siku ya kwanza: kurudisha umeme kwenye mita ya LUKU. Mita nyingi za malipo ya kabla hazijui umeme unaoelekea nje. Nyingine zinauhesabu kama matumizi, kwa hiyo unakatwa uniti kwa umeme uliozalisha mwenyewe juu ya paa. Nyingine zinadhani mtu anaichezea na zinajifunga. Dawa ni kufunga kihisi cha mkondo, ile CT inayobana waya wa fezi mara tu baada ya mita, na kuweka inveta isirudishe chochote. Mshale wa CT una upande wake. Ukigeuzwa, inveta inasoma matumizi kuwa ni urudishaji na urudishaji kuwa ni matumizi, na itasukuma umeme nje kwa nguvu zote huku skrini ikionyesha kila kitu kiko sawa. Ithibitishe hivi: zima sola, washa jagi la maji, tazama skrini, namba ya gridi lazima ipande kwa karibu wati 2,000. Ikishuka, geuza. Anayetaka kweli kurudisha umeme aende TANESCO akapate idhini na mita ya pande mbili kwanza.

Muda wa kugeuka kutoka gridi kwenda betri ni milisekunde 10 kwenye hali ya UPS (ya kulinda kompyuta) na 20 kwenye hali ya vyombo vya nyumbani, kwa inveta nyingi za ukubwa huu. Kompyuta ya mezani inavumilia zote mbili. Tofauti kubwa iko kwenye volti, si kwenye muda. Hali ya UPS inakubali volti 170 hadi 280. Chini ya hapo inahama kwenda betri. Hali ya vyombo vya nyumbani inakubali kuanzia 90. Sasa fikiria mtaa wa mwisho wa laini huko Mbagala au Goba, saa mbili usiku, transfoma imelemewa na volti zimeshuka hadi 165. Inveta iliyo kwenye UPS inaona hakuna umeme, inageukia betri. Mzigo ukitoka volti zinapanda, inarudi. Zinashuka tena, inahama. Betri inaisha jioni ileile ambayo umeme haukukatika hata dakika moja, na saa sita usiku ukikatika kweli huna kitu. Kwa mtaa wenye volti ndogo weka hali ya vyombo vya nyumbani, na friji ulilinde kwa kifaa chake cha volti.

Betri: namna ya kuipima kabla ya kulipa

Aina tunayoikubali kwa nyumba ni LiFePO4, yaani lithiamu ya chuma na fosfeti, peke yake. Ina seli 16 za volti 3.2, ndiyo maana jumla ni 51.2. Zipo pia za seli 15, kama Pylontech US3000C yenye Ah 74, ambayo jumla yake ni volti 48 na inataka kuchajiwa kwa volti 53 na kidogo. Fundi aliyezoea za seli 16 akiiwekea volti 56.8, seli zinapita kiwango na BMS inakata mchana kweupe betri ikiwa imejaa. Hakuna kilichoharibika, ni namba moja tu kwenye mipangilio.

Asiyetaka kuuziwa kasha tupu achukue mzani. Seli halisi ya Ah 100 ina kilo 2 hivi. Kumi na sita ni kilo 32 na ushee, ongeza bati, BMS na vyuma vya kuunganishia, unafika kilo 40 hadi 50. Betri iliyoandikwa Ah 100 yenye kilo 25 inakudanganya, na iliyoandikwa Ah 200 yenye kilo 50 inakudanganya zaidi. Kipimo cha pili kinachukua nusu siku: ijaze, iwekee mzigo wa kilowati 1 usiobadilika, hesabu saa hadi inveta ikate. Mpya inapaswa kufika saa nne na zaidi. Ikiishia saa mbili na nusu, ndani kuna seli zilizokwisha kutumika kwenye gari au mnara wa simu, zikavalishwa nguo mpya. Muuzaji anayekataa kipimo hiki kifanyike dukani kwake au aandike kwenye risiti kwamba utairudisha ikishindwa, mwache aendelee na wateja wengine.

Omba pia karatasi inayoonyesha kwamba betri ilipimwa kwa kiwango cha IEC 62619 na kwa UN38.3. Cha kwanza kinahusu usalama wa betri zisizo za kubebeka, cha pili usafirishaji. Linganisha jina la toleo kwenye karatasi na lile lililogongwa kwenye betri. Karatasi ya toleo jingine haina maana.

Halafu kuna waya wa mawasiliano, ule unaofanana na wa intaneti, kati ya betri na inveta. Mafundi wengi huuacha kwenye boksi. Lithiamu ina tabia moja mbaya kwa mtu anayekadiria kwa volti: kutoka asilimia 80 hadi 30 volti karibu hazibadiliki. Bila mawasiliano, inveta inabahatisha, na unaona asilimia 60 kisha dakika kumi baadaye giza. Waya ukifungwa, betri yenyewe inaiambia inveta imebakiza kiasi gani na ichajiwe kwa ampia ngapi. Kinachokwamisha ni mpangilio wa pini, maana kila mtengenezaji ana wake. Waya wa dukani wa intaneti mara nyingi haufanyi kazi mpaka ukatwe na kupangwa upya kulingana na vitabu vya vifaa vyote viwili. Ni kazi ya dakika ishirini. Usimruhusu fundi aondoke kabla skrini haijaonyesha asilimia zinazotoka kwenye BMS.

Na ijazwe hadi juu angalau mara moja kwa wiki. Usawazishaji wa seli hufanyika kileleni tu, seli zikishapita volti 3.4. Betri inayoishi kati ya asilimia 40 na 80 miezi yote, kwa nia njema ya kuitunza, seli zake zinaachana taratibu, mpaka moja inagonga kilele wakati nyingine bado, BMS inakata, na mtu anaambiwa betri imekufa.

Kuhusu betri za asidi na jeli, maana bado zinasukumwa kwa bei nafuu: nne za volti 12 na Ah 200 zina uniti 9.6 kwenye karatasi, lakini utatumia nusu tu bila kuziumiza, na kila nyuzi 10 za joto juu ya 25 zinapunguza umri wake kwa nusu. Kwa chumba cha Dar chenye nyuzi 33 hiyo ni hasara ya wazi. Hatuzipendekezi tena.

Ufungaji

Sehemu hii ndiyo inayoua watu, kwa hiyo tusiharakishe.

Waya wa betri uwe shaba ya milimita za mraba 25 kwa kilowati 3 na 35 kwa kilowati 5, usizidi mita 2. Kichwa cha waya kibanwe kwa mashine ya kubania, kisigongwe kwa nyundo. Kati ya betri na inveta iwekwe fyuzi au breka ya umeme wa moja kwa moja, yaani DC, ya ampia 125 hadi 160. Breka ya kawaida ya AC, yaani ya umeme wa nyumbani, haifai hapo. Umeme wa AC hupita sifuri mara mia kwa sekunde na cheche yake huzimika yenyewe. Wa DC haupiti sifuri, cheche inaendelea kuwaka ndani ya breka hadi plastiki inayeyuka. Breka za AC zenye kubandikwa neno DC zipo mtaani, na nyingi za DC zina alama ya chanya na hasi, ukizigeuza hazizimi cheche.

Kisha kutenganisha mizigo. Usiunganishe inveta kwenye meni swichi ya nyumba nzima. Fundi aweke boksi la pili dogo: taa, friji, feni, televisheni na soketi za chumba kimoja au viwili. Jiko, hita ya kuogea, pasi na pampu vibaki boksi la zamani. Nyutro za maboksi mawili zisiguse kabisa. Hili ndilo kosa tunaloliona kuwa la kawaida zaidi kwenye kazi za mitaani: fezi zimehamishwa, nyutro zimeachwa kwenye bati moja. Umeme ukikatika inveta inafanya kazi huku nyutro yake imeungana na ya TANESCO, na RCD, yaani breka zinazokata umeme ukivuja, zinaanguka bila sababu inayoonekana.

Ethi nayo. Umeme ukiwepo, nyutro imeshaunganishwa na ardhi upande wa transfoma. Ukikatika na inveta ikajitenga, nyumba yako inakuwa gridi ndogo inayojitegemea, na muungano ule haupo tena. Hapo mtu akishika friji inayovuja, RCD haina njia ya kuhisi uvujaji, haikati. Inveta nzuri zina swichi ya ndani inayounganisha nyutro na ethi pale tu zinapokuwa kwenye betri. Kwenye baadhi ni lazima uiwashe kwenye mipangilio. Ithibitishwe kwa kubonyeza kitufe cha majaribio cha RCD na kwa kifaa cha kupimia, umeme wa TANESCO ukiwa umezimwa. Fimbo ya ethi yenyewe ipimwe. Kwenye mchanga mkavu wa Kigamboni au Mbezi Beach fimbo moja fupi mara nyingi haitoshi, zifungwe mbili au tatu.

Na kinyume chake: umeme wa nyumba usitoke kwenda nguzoni. Inveta iliyothibitishwa kwa IEC 62116 inajitenga yenyewe laini ikifa. Lakini zipo nyumba zinazorudisha umeme wa jenereta au inveta kwa kuchomeka waya wenye plagi mbili kwenye soketi ya ukutani. Transfoma inayogeuza volti 11,000 kuwa 400 hufanya kazi pande zote mbili. Fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo anaamini laini imekufa. Kila anayeuza waya wa namna hiyo anajua unatumika kwa nini.

Mahali pa kuweka: ukutani ndani ya nyumba, upande usiopigwa na jua la mchana, si dari chini ya bati. Inveta nyingi hupunguza nguvu joto likipita nyuzi 40 au 45, na BMS hukataa kuchaji seli zikikaribia 55. Acha nafasi ya sentimita 30 juu na 20 pembeni. Karibu na bahari, hewa ya chumvi inakula bodi. Feni ya inveta inavuta chumvi hiyo ndani, kwa hiyo isiwe barazani hata kama pana kivuli.

Paneli tutazisema haraka. Kilowati 1 ya paneli Dar hutoa wastani wa uniti 4 kwa siku, chini ya hapo wakati wa masika. Paneli nane za wati 550 zinatosha kuendesha mchana na kujaza betri mbili. Kila moja ina karibu volti 50 ikiwa haina mzigo, kwa hiyo nane kwa mfuatano ni 400. SPF 5000 ES inavumilia 450, tisa zinakuweka ukingoni kabisa; Deye tuliyoitaja inavumilia 500, tisa zinapita, kumi hapana. Ukizidisha, inveta inakufa asubuhi ya kwanza yenye jua na ubaridi, na dhamana haihusiki. Zielekee kaskazini, mwinamo wa nyuzi 10 ili mvua izioshe.

Ikiwa mtaa mzima umefunga

Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115, limeondoa mgao wa ile namna ya mwishoni mwa 2023. Umeme wake unapanda kwa laini ya kilovolti 400 hadi Chalinze. Kinachokatika Dar sasa mara nyingi ni huku chini: transfoma ya mtaa, fyuzi ya nguzo, waya uliozeeka. Betri za nyumbani zinaweza kusaidia sehemu hiyo, au zikaimaliza kabisa.

Chukua transfoma ya kVA 100 (karibu kilowati 100) na nyumba ishirini zenye inveta. Umeme umekatika kwa muda wa saa nne, unarudi. Inveta zote zimeachwa kwenye mipangilio ya kiwandani ya kuchaji kwa ampia 60. Ampia 60 kwa volti 54, ukijumlisha upotevu, ni kilowati 3.5. Mara ishirini ni kilowati 70, juu ya friji na viyoyozi ambavyo navyo vimeamka pamoja. Fyuzi inaruka, mtaa unalala tena giza, na lawama inakwenda TANESCO. Weka chaji ya gridi iwe ampia 20: nyumba hizohizo ishirini zinavuta kilowati 24. Kama inveta yako ina saa, iambie ichaji kuanzia saa sita usiku hadi kumi na mbili asubuhi, na kuanzia saa moja hadi saa nne usiku itumie betri hadi asilimia 50. Utapoteza uniti chache, lakini volti za mtaa zitakaa juu saa ambazo kila mtu anapika na kuangalia taarifa ya habari. Tunaomba sana kila fundi awe anaweka namba hizo kama desturi.

Nchi nyingine zimelifanya hili kwa ukubwa. Hornsdale huko Australia Kusini ilianza 2017 ikiwa na megawati 100 na megawati-saa 129, na kazi iliyoipa sifa ni kuirudisha gridi kwenye masafa yake ya kawaida ya hezi 50 kabla mitambo mikubwa haijajibu. Kwetu gridi ndogo zimefika hata visiwani, kama Ukara kwenye Ziwa Viktoria, ambako sola na betri vilifika pasipo na nguzo ya TANESCO. Mjini zinahitajika kwa sababu nyingine, na pa kuanzia ni majengo ya fremu na maghorofa ya kupangisha.

Fremu kumi na mbili kila moja na inveta yake ya kilowati 5 zinakula wati 600 bila kazi, usiku na mchana. Inveta moja ya fezi tatu ya kilowati 30 na betri ya uniti 60 inazihudumia zote, kwa sababu hazifiki kilele kwa pamoja: saluni inavuta mchana, duka la vinywaji linavuta usiku. Kila fremu iwe na mita yake ndogo na breka yake, mizigo igawanywe sawa kwenye fezi tatu, na mkataba useme nani anabadilisha betri ikichoka. Mradi chini ya megawati 1 hauhitaji leseni kamili ya EWURA, lakini unaandikishwa, na kazi ifanywe na fundi mwenye leseni yao.

Mteja wa T2, yaani jengo linalovuka uniti 7,500 kwa mwezi, anaweza kurudisha hela ya betri hata bila sola. Yeye hulipa shilingi 15,004 kwa kila kVA ya kilele cha mwezi. Betri inayokata kVA 20 za kilele inaokoa shilingi 300,080 kila mwezi kabla ya kodi. Ila kilele hupimwa kwa kipindi kifupi. Betri ikishindwa siku moja tu, akiba ya mwezi mzima imekwenda. Kwa hiyo pima mkondo wa jengo kwa wiki nne kwanza, ndipo uchague ukubwa.

Kwa mwenye nyumba, gharama ipimwe hivi. Chukua bei yote uliyoambiwa ya betri moja, igawe kwa 15,000. Hizo ni uniti ambazo betri moja itakupa maishani ukiitoa asilimia 80 kwa mizunguko 4,000. Kasha litasema 6,000, lakini hiyo ni kwa nyuzi 25. Jibu ndilo bei ya kuhifadhi uniti moja. Linganisha na jenereta ndogo ya petroli, inayokunywa nusu lita au zaidi kwa uniti, kwa bei ya kituoni leo. Dhamana nayo isomwe: miaka mitano inayotolewa na duka lenye fundi na betri za akiba hapa Dar ina uzito kuliko kumi ya kiwanda kisicho na mtu nchini, maana betri yenye kilo 45 hairudishwi China kwa basi wala kwa ndege ya abiria.